Spiningi au beitikasta nyepesi: uanze na ipi kuvua maji baridi?

Anayetaka kujifunza kuvua maji baridi kwa fimbo nyepesi atakutana na rili, yaani vifaa vya kukusanyia mshipi, za aina mbili. Spiningi huning'inia chini ya fimbo; spuli yake (kibobini cha mshipi) imetulia, na waya uliopinda huizunguka ukikusanya mshipi. Beitikasta hukaa juu ya fimbo, na spuli yake yenyewe ndiyo inayozunguka, mshipi ukitoka na ukirudi. Zamani chambo cha gramu 3 kilikuwa kazi ya spiningi peke yake, na beitikasta ilibaki ya vyambo vizito na samaki wakubwa. Wajapani ndio walioendeleza beitikasta ndogo zenye spuli nyepesi sana, na leo ukiona herufi BFS (kwa Kiingereza Bait Finesse System) kwenye boksi, ujue ni ya ukoo huo.

Nitoe msimamo wangu mapema. Kama utavua kwa minyoo na boya, bwawani au ufukweni mwa ziwa, nunua spiningi na usijihangaishe. Kama unataka kurusha chambo bandia kidogo, mara nyingi, umbali mfupi, kwenye mwanya wa mawe au chini ya matawi yaliyoinamia maji, beitikasta nyepesi itakulipa jasho la kujifunza. Na kama dukani wanakupa beitikasta ya kawaida ya bei nafuu wakisema itafaa kila kitu, iache. Haitafaa kwa kazi hii, na sababu yake inapimika kwa gramu na milimita.

Nani anaizungusha spuli?

Katika spiningi, ukishafungua ule waya, mshipi hutoka kwenye mdomo wa spuli kitanzi baada ya kitanzi. Chambo hakina kitu cha kuzungusha. Hata cha gramu 1 kitakwenda, mradi mshipi ni mwembamba na fimbo ni laini.

Katika beitikasta, mshipi hautoki mpaka spuli izunguke, na kinachoizungusha ni chambo chenyewe kikiwa hewani. Chambo cha gramu 10 kina nguvu ya kuiamsha spuli nzito. Cha gramu 3 hakina. Mtu akilazimisha kwa kupiga fimbo kwa nguvu, spuli huanza kwa kishindo, chambo kinapunguza mwendo, spuli haipunguzi, na mshipi unaotoka unazidi ule unaochukuliwa. Mwisho wake ni mshipi uliotatana ndani ya rili.

Uzito wa spuli ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni upana wake. Ugumu wa kuianzisha spuli, na wa kuizuia, hukua kwa mraba wa umbali wa uzito ule kutoka kwenye mhimili. Gramu moja iliyo ukingoni hukugharimu zaidi ya gramu moja iliyo katikati. Ndiyo maana spuli nyingi za BFS zina kipenyo cha milimita 28 hadi 32, zimetobolewa matundu, na uzito wake ni kama gramu 5 hadi 9. Spuli ya beitikasta ya kawaida mara nyingi ni milimita 34 au zaidi, na huenda ikawa na uzito mara mbili ya hiyo ama kupita.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mshipi nao ni mzigo wa spuli. Mita 100 za nailoni yenye unene wa milimita 0.20 zina uzito wa gramu 3.6 hivi. Florokaboni ya unene huohuo ni nzito zaidi, karibu gramu 5.6. Ukizijaza mita 100 za florokaboni kwenye spuli ya gramu 6, umekaribia kuufanya mzigo kuwa maradufu, tena wote ukiwa pembeni, mahali pabaya kabisa. Rili uliyoilipia kwa ajili ya wepesi wake sasa inarusha kama ya kawaida. Weka mita 40 hadi 50, basi. Chambo cha gramu 3 hakiendi mbali kiasi cha kuhitaji zaidi, na samaki wa vifaa hivi hawavuti mita 50 kwa mkupuo. Mshipi wa kusuka ndio mwepesi kuliko yote, unaelea hata majini, lakini huonekana sana. Kwenye maji angavu funga mbele yake kipande cha florokaboni cha mita moja au mbili.

Kuhusu breki, BFS nyingi hutumia sumaku. Sumaku haziigusi spuli. Spuli ya alumini ikizunguka karibu nazo, umeme huzaliwa ndani ya chuma chake na kuipinga, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo upinzani unavyopanda. Mwanzoni mwa mtupo, pale mshipi unapopenda kutatana, breki inafanya kazi kwa nguvu. Chambo kikikaribia kutua, inalegea. Ni ufundi mzuri sana, na ndio uliowezesha vyambo vidogo.

Vinatoka wapi

Beitikasta ni ya mafundi saa. George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, Marekani, alitengeneza rili yenye gia mwanzoni mwa karne ya 19, mzunguko mmoja wa mkono wa rili ukiizungusha spuli mara kadhaa. Spiningi imetoka kwenye viwanda vya nguo: Alfred Illingworth wa Bradford, Uingereza, aliisajili rili ya spuli tuli mwaka 1905, akiwa amezoea kuona uzi ukichomoka kwenye vibobini vya kiwandani.  Hata leo ukizifungua rili hizi mbili utauona ukoo wa kila moja. Beitikasta imejaa gia, pini na beringi ndogo zinazodai usafi. Spiningi ni rahisi kuifahamu na inavumilia uzembe.

Maji yetu na samaki wake

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, kuliko kwenye karatasi ya vipimo.

Sato na perege ndio samaki ambao wengi wetu tutaanza nao. Chakula chao kikubwa ni mwani na mimea, kwa hiyo chambo bandia kinachokimbia hawakijali sana. Wanataka mnyoo, au donge la ugali, kwenye ndoana ndogo chini ya boya. Ukivua hivi kwa beitikasta nyepesi utateseka bure. Boya hushikwa na hewa, hupunguza mwendo ghafla, na spuli hujaa vurugu. Mnyoo nao hauvumilii kurushwa kwa kishindo. Hukatika na kutangulia majini peke yake. Kwa sato spiningi inashinda, wala hakuna ubishi.

Tena, kwa sato wanaokaa kando ya matete, mwanzi unazishinda rili zote mbili. Mwanzi wa mita 3 au 4, mshipi wa urefu huohuo, boya dogo na ndoana: watoto wa kando ya ziwa huvua hivyo kila siku, na wanavua kweli. Chambo kinashuka pale unapotaka bila kelele, na hakuna kinachoharibika. Hauwezi kuvua mbali, na samaki mkubwa akishika huna mshipi wa kumwachia. Lakini mtu mwenye fedha kidogo na maji ya karibu asione haya kuanza na mwanzi. Atajifunza kusoma boya na kujua saa ambazo samaki wanakula, mambo ambayo rili haifundishi.

Sasa twende kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza. Sangara wachanga hujibanza kwenye mapengo ya mawe wakingoja visamaki vipite, na furu wapo palepale. Hawa ni wawindaji. Kisamaki cha plastiki cha gramu 3, au jigi (ndoana yenye kichwa kizito) ndogo yenye mkia laini, ikipita sentimita chache kutoka kwenye jiwe hufuatwa. Ikipita mita moja mbali, haifuatwi. Mtupo ni wa mita 10 au 15, na unarusha mara nyingi kwa saa moja. Kwa kazi hii beitikasta nyepesi ni raha tupu. Dole gumba lako liko juu ya spuli muda wote; ukiona chambo kinataka kupita shabaha, unaligusisha kidogo nacho kinatua kimya. Chambo kikigusa maji unazungusha mkono mara moja, rili inajifunga yenyewe na chambo kinaanza kutembea kabla hakijazama kwenye mawe. Mwenye spiningi anaweza kuzuia mshipi kwa kidole cha shahada kwenye mdomo wa spuli, na wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi mkubwa, ila inamchukua mtu muda kuzoea na wengi hawazoei kamwe.

Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuchukuliwa, na kwa vifaa hivi wengi utakaowapata watakuwa wa ukubwa huo. Minya vichomo vya ndoana kwa koleo kabla ya kuanza, ili kumrudisha samaki majini kuwe kwepesi, kwake na kwako.

Ziwa Naivasha lina samaki aitwaye besi mwenye mdomo mpana, aliyeletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Huyu anapenda kukaa kwenye kivuli cha mimea ya majini, na hula kamba wekundu wa maji baridi waliopandikizwa ziwani humo mwaka 1970. Jigi ya kahawia au nyekundu iliyokoza, gramu 4 hadi 6, ikishushwa ukingoni mwa mafunjo na kuvutwa polepole chini, inamtosha. Asubuhi beitikasta inafanya kazi hii vizuri. Mchana upepo ukipanda, na Naivasha hupanda kweli, mambo yanabadilika: chambo chepesi kikirushwa dhidi ya upepo kwa beitikasta husimama hewani na spuli haisimami. Saa hiyo mwenye spiningi anaendelea kuvua. Katika ziwa hilo usisimame majini wala kujificha kwenye mafunjo, kwa sababu ya viboko. Vua kutoka kwenye boti ukiwa na mwenyeji anayejua wanapolala.

Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, maji ni angavu kiasi cha kumwona samaki anavyokikagua chambo. Huko wembamba wa mshipi una maana kuliko aina ya rili, na spiningi inamudu mshipi mwembamba sana kwa urahisi. Kwenye beitikasta, mshipi mwembamba kupita kiasi hujichimbia katikati ya mizunguko iliyo chini yake, na ukirusha tena unakwama.

Mito ya trauti ya Mlima Kenya na Aberdare ingekuwa makao halisi ya BFS, kwani vifaa hivi vilikomaa kwenye vijito vya milimani vya Japani: maji membamba, matawi juu, mtupo wa mita 8 kwa kuzungusha kiganja tu bila nafasi ya kuinua fimbo. Lakini kabla hujapanda huko uliza masharti ya sehemu unayokwenda. Uvuvi wa trauti Kenya una leseni yake, na utamaduni wake ni wa nzi bandia wa manyoya. Usifike na kisamaki chenye ndoana tatu mahali ambapo nzi peke yake ndiye anayeruhusiwa.

Kujisokota kwa mshipi

Spiningi ina ugonjwa wake. Kwa kuwa mshipi unavingirishwa kwenye spuli isiyozunguka, hujisokota kidogo kidogo. Ukiongeza kijiko, chambo cha chuma kinachozunguka majini, unajisokota maradufu. Siku moja unarusha, vitanzi vitatu vinatoka pamoja, na mshipi mwembamba umeharibika. Dawa zipo. Funga waya wa rili kwa mkono, usingoje ujifunge kwa kuzungusha. Weka pingili inayozunguka mbele ya kijiko. Na samaki anapovuta mshipi, dregi (breki inayomwachia mshipi) ikilia, acha kuzungusha mkono: kila mzunguko unaozungusha wakati samaki anaondoka na mshipi ni msokoto mpya. Wanaoanza wengi hufanya hivyo kwa msisimko.

Beitikasta haina ugonjwa huu, maana mshipi unaingia na kutoka kwa njia iliyonyooka.

Muda wa kujifunza

Spiningi, alasiri moja inatosha mtu kurusha vizuri. Beitikasta nyepesi inataka siku kadhaa za mazoezi, na ni heri zipite kwenye nyasi kuliko majini, ambako samaki wanakutia pupa.

Anza na kipande cha risasi cha gramu 7 kisicho na ndoana, ingawa umenunua rili ya gramu 3. Weka sumaku karibu na mwisho wa juu. Kile kitufe cha pembeni kinachobana spuli kikaze mpaka spuli isichezecheze kushoto na kulia, basi. Wengi hukikaza sana wakidhani ndiyo breki, na hapo chambo chepesi hakiendi popote. Toa mshipi mara moja na nusu ya umbali unaorusha, kisha bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya mshipi uliobaki kwenye spuli, halafu zungusha uliotoa urudi. Mshipi ukitatana hautapita pale.

Rusha kwa ubavu, polepole, ukiiacha fimbo ijipinde kwa uzito wa chambo na kukirusha yenyewe. Kabla risasi haijagusa chini, lisimamishe dole gumba juu ya spuli. Hilo ndilo somo zima. Likishaingia mwilini, shuka gramu 5, halafu 3, ukipunguza sumaku hatua kwa hatua.

Ukitatana usivute mshipi kwa hasira. Kandamiza spuli kwa dole gumba, zungusha mkono mizunguko miwili au mitatu, achia, kisha vuta mshipi taratibu. Vitanzi vingi hulainika na kutoka. Usikate mpaka ujaribu hivyo mara kadhaa.

Ukifika dukani

Kwa spiningi, tafuta rili ndogo, saizi 1000 au 2000, na fimbo ya mita 1.8 hadi 2.1 iliyoandikwa uzito wa chambo wa gramu 1 hadi 7. Nailoni ya milimita 0.16 hadi 0.20 inatosha. Vuta mshipi kwa mkono uisikilize dregi: iachie kwa ulaini bila kuruka. Rili yenye dregi laini ina thamani kuliko yenye beringi kumi.

Kwa beitikasta, usiamini neno "nyepesi" lililoandikwa ubavuni. Uliza kipenyo na uzito wa spuli, na uitazame: iwe na kina kifupi na kuta nyembamba. Muuzaji akikosa jibu, izungushe kwa kidole ukiwa umelegeza breki; ikisimama baada ya muda mfupi, iache. Shimano Aldebaran BFS na Daiwa Alphas AIR ni kazi bora za Kijapani, na bei yake ni mamia ya dola. Zipo zilizo nafuu zaidi, kama KastKing Zephyr, ambazo anayeanza atajifunza nazo bila majuto. Fimbo iwe fupi, mita 1.5 hadi 1.8, laini kiasi cha kupindwa na gramu 3, yenye kile kijino chini ya mshiko cha kukalia kidole. Usiiweke beitikasta kwenye fimbo ya spiningi. Pete zake zimepangwa kwa kazi nyingine.

Kuna la kuangalia kabla ya kulipa, hasa ukiagiza kwa njia ya mtandao. Mkono wa spiningi unaweza kuuhamisha kushoto au kulia. Wa beitikasta hauhami. Rili ya kulia itabaki ya kulia maisha yake yote. Amua kwanza mkono upi unarusha na upi unazungusha. Mtu anayerusha kwa kulia na asiyetaka kuhamisha fimbo kila mtupo anunue ya kushoto.

Fikiria pia utunzaji. Spiningi ikiangukiwa na mchanga unaisuuza kwa maji safi na kuifuta. Beringi za BFS ni ndogo mno. Chembe moja ya mchanga unaisikia, na grisi nzito huzigandisha. Tone moja la mafuta mepesi kila baada ya safari chache linatosha. Vipuri vyake ni adimu kwetu, kwa hiyo ukiagiza rili agiza na beringi mbili za akiba za spuli.

Kwa mwenye fedha za seti moja tu, ningemnunulia spiningi, bila kusita, maana itavua sato leo na besi kesho, upepo uwepo usiwepo. Ukiwa na hakika kwamba unapenda chambo bandia kuliko minyoo, ongeza beitikasta. Vyambo vyako havipotei: vya chini ya gramu 3 vibaki na spiningi, vya gramu 3 hadi 7 vihamie huku.